Mwanangu hubadili shati mlangoni: je, niombe siku za baba yake zipunguzwe?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mvulana wa miaka 8 na msichana wa miaka 3. Baba yao na mimi tulitengana mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, na mahakama iliamua kwamba watoto waishi kwangu na kwamba waende kwa baba yao wikiendi moja kila baada ya wiki mbili, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni, pamoja na nusu ya likizo za shule. Hatukuwahi kupigana, wala sina sababu ya kusema kwamba baba yao ni mtu mbaya kwao. Anawapenda, na hilo sitalikana hata nikiwa nimekasirika. Lakini baina yetu sisi wawili hakuna maneno mazuri yaliyobaki.

Kwa miezi michache sasa mwanangu amekuwa akilalamika tumbo kila Ijumaa ambayo anatakiwa kwenda kwa baba yake. Huanza mchana akiwa darasani, na mara mbili mwalimu wake amenipigia simu nikamchukue. Akirudi Jumapili haongei. Hula kidogo, hujifungia chumbani, na nikimuuliza walichofanya, nani alikuwepo na walilala saa ngapi, hunijibu "sijui" au "kawaida tu". Mdogo wake, ambaye alikuwa ameacha kabisa kukojoa kitandani, sasa hukojoa usiku mmoja au miwili kila wanaporejea, na asubuhi hunishika nguo nisiondoke.

Jumapili iliyopita niliona jambo ambalo halinitoki akilini. Gari la baba yao lilifika mapema kidogo nami nilikuwa dirishani. Mwanangu alishuka, akasimama nyuma ya nguzo ya geti mahali alipodhani sitamwona, akavua shati jipya la bluu lenye mistari, akalikunja kwa uangalifu kama mtu mzima, akalisukuma chini kabisa ya begi, kisha akavaa lile chafu aliloondoka nalo Ijumaa. Baada ya hapo ndipo alipobonyeza kengele. Nilipomuuliza kwa nini amevaa nguo chafu aliniambia kwamba hakuwa na nyingine.

Nikiri pia upande wangu. Mwezi uliopita baba yao alichelewesha fedha za matunzo kwa mara ya pili mfululizo, na tuligombana getini, kwa sauti, mwanangu akiwa amesimama kati yetu amemshika mdogo wake mkono. Tangu siku hiyo hatusemezani. Nikiwa na jambo humwambia mtoto, "Mwambie baba yako viatu vya shule bado," naye baba yake hufanya vivyo hivyo.

Dada yangu ananishauri nirudi mahakamani niombe ziara zipunguzwe ziwe mara moja kwa mwezi, mchana tu, bila kulala huko, kwa sababu ni dhahiri kwamba nyumba ile inawaumiza watoto. Kaka yangu anasema nimkalishe kijana nimuulize waziwazi anataka kuishi na nani, jambo liishe. Mimi nimebaki katikati. Je, niombe siku zipunguzwe?

Mama wa Wawili

Dada mpendwa,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama kwenye lile shati. Mtoto wako alilivaa ndani ya gari la baba yake, akalivua mbele ya geti lako. Kama nyumba ya baba yake ndiyo inayomtesa, nisingetarajia atunze kwa uangalifu namna ile kitu kilichotoka huko, alikunje vizuri lisichafuke, alifiche mahali ambapo halitaonekana wala kupotea. Mimi naona mtoto aliyefurahia kununuliwa shati na ambaye hajui kama furaha hiyo inaruhusiwa kuingia ndani ya nyumba yako. Alikuwa akikulinda wewe. Ninajua kwamba sentensi hiyo inaumiza, na sikuiandika ili kukulaumu, kwa sababu mama ambaye ameliona jambo hilo na akalieleza bila kujificha, pamoja na yale ya upande wake, ni mama ambaye watoto wake wako katika mikono mizuri.

Hata hivyo shati moja si ushahidi wa kutosha, na kabla hatujasonga mbele yako mambo mawili ambayo huna budi kuyahakikisha. La kwanza ni daktari. Tumbo la Ijumaa linaweza kuwa ni wasiwasi, kwa maana kwa watoto wa umri huo wasiwasi mara nyingi husemwa na mwili kabla haujasemwa na mdomo, nayo maumivu hayo ni ya kweli, mtoto hayatungi. Lakini linaweza pia kuwa ni ugonjwa wa kawaida unaotibika, na vivyo hivyo kukojoa kitandani kwa binti yako kunaweza kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo. Wapimwe wote wawili. La pili ni usalama. Ikiwa mtoto anarudi na alama mwilini asizoweza kuzieleza, ikiwa anamwogopa mtu fulani kwa jina, ikiwa anazungumza au kucheza mambo ya kimwili ambayo mtoto wa umri wake hapaswi kuyajua, au ikiwa kuna ulevi na vitisho katika nyumba ile, basi achana na ushauri wangu uliobaki na uende mara moja kwa maafisa wa ustawi wa jamii, polisi na mahakama, ambayo ina uwezo wa kuamuru ziara zifanyike mbele ya msimamizi au zisimame kabisa. Katika barua yako sikuona dalili hata moja ya aina hiyo, na wewe mwenyewe umeandika kwamba baba yao anawapenda. Kwa hiyo ninakujibu kama mtu mwenye tatizo lile la kawaida zaidi na lenye kuchosha zaidi, yaani watoto wenye wazazi wawili wazuri ambao hawawezi kusimama kwenye geti moja.

Sasa swali lako lenyewe. Sidhani kwamba unapaswa kuomba siku zipunguzwe, na kwa binti yako ninaamini kwamba hatua hiyo ingezidisha kile unachotaka kukiondoa. Hesabu nami kidogo. Kuanzia Jumapili jioni wanaporudi hadi Ijumaa jioni wanapoondoka tena zinapita siku 12. Kwa mtu mzima siku 12 si chochote. Kwa mtoto wa miaka 3, ambaye hajui bado "wiki ijayo" ni kitu gani, baba anayepotea kwa siku 12 ni baba aliyeondoka, na anapotokea tena huwa ni kama anaanza upya. Kisha baada ya kumzoea kwa siku mbili anaondolewa tena, na usiku huo ndipo godoro linapolowa. Ukiifanya ziara kuwa mara moja kwa mwezi, pengo hilo litazidi kupanuka. Watoto wadogo hustahimili vyema zaidi kutengana kwa muda mfupi na kukutana mara kwa mara, kwa sababu kumbukumbu na imani yao kwa mtu hujengwa na kurudi kwake, si na urefu wa kukaa kwake. Kwa hiyo kinachoweza kumsaidia binti yako ni kitu kinachoelekea upande mwingine kabisa na ushauri wa dada yako: jioni moja ya katikati ya juma, katika juma lile lisilo na wikiendi ya baba, aende acheze naye saa mbili au tatu, arudi alale kitandani kwake. Ndiyo sababu wazazi wengi wenye watoto wadogo wanaogawana malezi sawasawa huchagua ratiba ya siku mbili, mbili na tatu, yaani siku mbili kwa mzazi mmoja, mbili kwa mwingine, kisha tatu kwa yule wa kwanza, huku ile ya wiki kwa wiki ikiwafaa zaidi watoto wakubwa walio shuleni, ambao huchoshwa na kuhamahama kila baada ya siku mbili. Hamhitaji kugawana sawasawa ili mfaidike na hekima iliyomo humo, ambayo ni kwamba ratiba hufuata umri wa mtoto, na umri hubadilika.

Kijana wako ana shida tofauti, na idadi ya siku haimo. Shida yake iko kwenye geti. Fikiria Ijumaa yake. Anajua kwamba jioni atasimama tena mahali palepale aliposimama siku mliyogombana, akiwa ameshika mkono uleule mdogo, na kwamba kabla ya hapo au baada ya hapo atapewa ujumbe wa kupeleka, ujumbe ambao anajua utamkunja uso mtu anayempenda. Tumbo linaanza mchana kwa sababu mchana ndipo anapoanza kuhesabu saa. Ukipunguza ziara, geti linabaki.

Liondoe geti, basi, kwa sababu hilo linawezekana bila hakimu yeyote. Ijumaa wewe uwapeleke shuleni na kwenye malezi ya watoto wadogo asubuhi kama kawaida, na baba yao awachukue huko huko masomo yakiisha. Na akikubali, wakae naye hadi Jumatatu asubuhi, awapeleke yeye, nawe uwachukue mchana. Shule ndiyo inakuwa daraja. Mtoto anaagana na mmoja asubuhi kama anavyoagana siku zote, anasoma, anacheza, na anapotoka anamkuta mwingine, bila mtu yeyote kutazamana na mtu yeyote. Najua kwamba usiku mmoja zaidi ni jambo la kukutia uchungu, na usiuharakishe ikiwa bado binti yako anakojoa. Lakini sehemu ya Ijumaa anzeni nayo sasa. Likizo zinapokuwa zimefunga shule, tafuteni ndugu mmoja ambaye nyote wawili mnamwamini, watoto wafike kwake na wachukuliwe kwake. Uitoe taarifa shuleni kwa maandishi, mwalimu ajue ni nani anayemchukua siku gani.

La ujumbe likome leo, hata kama baba yao hajakoma. Mtoto asibebe neno la fedha, la viatu, wala la ada. Mwandikie baba yao mwenyewe, ujumbe mmoja kwa wiki, unaohusu watoto peke yao, kwa lugha ile ambayo ungeitumia kumwandikia mtu unayefanya naye kazi ofisini na ambaye hamko karibu: afya, shule, ratiba, mahitaji. Kwa mfano: "Mwalimu anasema kwamba kijana anahitaji viatu kabla ya mwezi kuisha. Ijumaa hii nitaomba uwachukue shuleni badala ya nyumbani, kwa sababu naona getini panamtia wasiwasi. Nadhani sote tumechangia." Sentensi ya mwisho ni ngumu kuiandika, na ninaiona kuwa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Wako wazazi ambao baada ya kutengana huweza kushauriana kama marafiki, na wako ambao hawawezi, nao hao wa pili hulea sambamba, kila mmoja akiwa na kanuni zake nyumbani kwake na mawasiliano machache yaliyo wazi baina yao. Watoto hukua vizuri katika hali zote mbili, kwa hiyo usijitese ukidhani kwamba ni lazima kwanza umpende tena mtu huyu.

Kuhusu fedha za matunzo, hasira yako ni ya haki. Matunzo ni ya watoto, na mtu anayeyachelewesha anawachelewesha watoto. Lakini katika nchi nyingi sheria huyatenganisha mambo haya mawili: kutolipa hakumpotezei mzazi ziara, na kunyimwa ziara hakumwondolei mzazi wajibu wa kulipa, kwa sababu yote mawili ni mali ya mtoto na hayawezi kulipizana. Dai lako lipeleke peke yake, kwa maandishi, kwenye mahakama iliyotoa amri au kwa maafisa wanaosimamia utekelezaji wake. Ukiliunganisha na ombi la kupunguza siku, hakimu anaweza kuona adhabu mahali ambapo wewe umekusudia ulinzi, na hoja yako nzuri ya matunzo ikaharibika.

Kumbuka pia mahakama itatazama nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989 na kuridhiwa na karibu nchi zote duniani, unasema katika ibara ya 3 kwamba maslahi bora ya mtoto yapewe uzito wa kwanza, na katika ibara ya 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kudumisha uhusiano na mawasiliano ya mara kwa mara na wazazi wote wawili, isipokuwa pale ambapo jambo hilo linapingana na maslahi yake. Angalia haki hiyo ni ya nani. Haikuandikwa kuwa ni ya baba wala ya mama.

Sasa ushauri wa kaka yako. Tafadhali usimkalishe kijana umuulize anataka kuishi na nani. Atakujibu, na jibu lolote atakalolitoa litakuwa ni usaliti moyoni mwake, naye ataubeba kwa miaka. Ibara ya 12 ya mkataba huohuo inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kusikilizwa si kuamua. Jambo hilo likifika mahakamani, mahakimu wengi huzungumza na mtoto faraghani au humtuma mtaalamu, ili asilazimike kuchagua mbele ya wazazi. Nyumbani muulize yale yaliyo ndani ya uwezo wake na yasiyomgharimu mtu: ni kitu gani kingeifanya Ijumaa iwe nyepesi, angependa kuacha nini huko asikibebe kila mara, kuna siku ya mchezo asiyotaka kuikosa? Mpe majibu yake nguvu pale inapowezekana. Na kila nyumba iwe na mswaki wake, nguo zake za kulalia na vitabu vyake, ili begi lipungue mpaka libaki na daftari na kile kitu kimoja ambacho binti yako hawezi kulala bila kukikumbatia. Mtoto anayefungasha mizigo kila wiki hujiona mgeni kote kuwili.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nitalisema kwa upole. Yale maswali ya Jumapili, walifanya nini, nani alikuwepo, walilala saa ngapi, unayauliza kwa mapenzi, lakini mtoto aliyesimama kati ya watu wawili wasiosemezana huyasikia kama mahojiano. Mtu mzima akirudi kutoka safari huhitaji muda wa kukaa kimya kabla hajasimulia. Mpe saa moja. Fanya kazi fulani karibu naye, bila kumtazama usoni, mfano kukunja nguo au kuosha vyombo, na usiulize chochote. Habari za baba yake zikitoka zenyewe, zipokee kama unavyopokea habari za shuleni. Najua kwamba jioni hiyo nawe unakuwa umechoka kwa siku mbili za nyumba tupu, na kwamba uso wako huenda ukabadilika pasipo wewe kutaka anapotaja jina la baba yake. Uchungu huo utafutie mtu mzima wa kuusikia, ama dada yako au mshauri nasaha.

Usiogope kwamba tayari umewaharibu. Mtafiti wa Marekani E. Mavis Hetherington, ambaye alifuatilia takribani familia 1,400 kwa miaka mingi, alikuta kwamba kama mtoto 1 kati ya 4 wa wazazi waliotalikiana alikuwa na matatizo mazito ya kihisia au ya kijamii, ikilinganishwa na 1 kati ya 10 katika familia ambazo hazikutalikiana. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kufichwa, lakini watatu waliobaki katika kila wanne walikua na wakaishi maisha yao. Watafiti wengi waliomtangulia na waliokuja baada yake wamerudia jambo moja, nalo ni kwamba ugomvi unaoendelea mbele ya watoto huwaumiza sana, iwe wazazi wanaishi pamoja au la. Ugomvi huo, tofauti na talaka yenyewe, bado uko katika uwezo wenu.

Baba yao akikataa mpango wa shule na jioni ya katikati ya juma, mwombeni msuluhishi wa familia kabla ya kurudi kortini, na mkikubaliana, makubaliano yaandikwe na yapelekwe mahakamani yawe amri, ili yasitegemee hali ya moyo ya mtu yeyote. Yapitieni upya binti yako atakapoanza shule.

Kuhusu shati, usimwambie kwamba ulimwona. Litoe chini ya begi wakati unapotoa nguo nyingine, lifue, lipige pasi, ulitundike kabatini pamoja na mashati mengine, katikati, mahali atakapoliona mwenyewe. Siku atakapolivaa, mwambie kwamba limempendeza, na kwamba baba yake amechagua rangi nzuri. Akikutazama kuhakikisha kwamba unamaanisha, mtazame nawe mpaka aridhike.

Mshauri wako